The Dresden Dolls: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Bendi ya Watu Wawili ya Kabareti na Panki

## Mambo ya msingi

The Dresden Dolls ni akina nani?

The Dresden Dolls ni bendi ya watu wawili iliyoanzishwa mwaka 2000 mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Amanda Palmer, aliyezaliwa mwaka 1976, huimba, hupiga piano na ndiye mtunzi wa karibu nyimbo zote. Brian Viglione, aliyezaliwa mwaka 1979, hupiga dramu na mara mojamoja hushika gitaa. Hakuna mwanachama wa tatu, wala mpiga besi aliyefichwa nyuma ya pazia.

Muziki wao ni roki iliyovikwa mavazi ya kabareti (burudani ya kumbi ndogo) ya Ujerumani ya miaka ya 1920, kisha ikasukumwa kwa kasi na ukali wa panki, ile roki fupi isiyojipamba. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu miaka ya kupanda kwao, yaani kati ya 2000 na 2008, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Yaliyofuata yamejibiwa kuelekea mwisho.

Walikutana vipi?

Walikutana usiku wa Halloween wa mwaka 2000, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo Wamarekani huiadhimisha kwa kuvaa mavazi ya kujigeuza. Palmer alikuwa na tafrija nyumbani kwake Boston, akaketi kwenye piano na kuwaimbia wageni nyimbo alizozitunga mwenyewe. Viglione, kijana aliyetoka jimbo jirani la New Hampshire, alikuwa miongoni mwa waliosikiliza, na haukupita muda mrefu wakaanza kufanya mazoezi pamoja. Mwanzoni kabisa walitumia jina Out of Arms, kabla ya kuchukua hili tunalolijua.

Palmer alikuwa akifanya nini kabla ya bendi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini jibu lake ndilo ufunguo wa mengi. Baada ya masomo yake katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Palmer alijipatia riziki kwa miaka kadhaa kama sanamu hai katika uwanja wa Harvard Square, Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Alipaka uso rangi nyeupe, akavaa gauni la harusi refu lililofunika makreti aliyosimama juu yake, na akajiita Bibi Harusi wa Futi Nane. Alisimama kimya bila kutikisika. Mpita njia akitia sarafu kwenye chombo kilichokuwa mbele yake, sanamu hujongea taratibu, humtazama mtu huyo machoni na kumpa ua.

Atakayemwona baadaye kwenye jukwaa la The Dresden Dolls atautambua uso uleule mweupe na utazamaji uleule usiokwepa macho ya mtu. Hata lebo ambayo bendi iliitumia kutoa kazi zake za mwanzo iliitwa 8 ft. Records, kwa kumkumbuka bibi harusi huyo. Kwa maoni yangu, Palmer alijifunza kazi ya jukwaa barabarani kabla ya kuijua kumbini: alijua namna ya kumsimamisha mtu ambaye hakuwa na nia ya kusimama.

Jina The Dresden Dolls lina maana gani?

Kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "Wanasesere wa Dresden". Dresden ni mji wa mashariki mwa Ujerumani, na eneo lake linajulikana kwa vyombo na sanamu za kauri laini; kiwanda cha Meissen, kilicho karibu na mji huo, kilianzishwa mwaka 1710 na ndicho kilichotangulia barani Ulaya kutengeneza kauri ngumu ya aina ya Kichina. Lakini Dresden pia ni mji ulioteketezwa kwa mabomu ya ndege za Uingereza na Marekani katikati ya Februari 1945, na watu wanaokadiriwa kufikia 25,000 wakafa.

Jina hilo, kwa hiyo, limebeba vitu viwili visivyokaa pamoja kwa amani: urembo unaovunjika upesi, na moto. Muziki wenyewe una tabia hiyohiyo, kwani wimbo unaweza kuanza kama kisanduku cha muziki cha mtoto na kuisha kama nyumba inayobomolewa.

## Kabareti, panki na mambo ya jukwaa

Kabareti ni nini hasa?

Kabareti ni burudani ya ukumbi mdogo, ambamo watu hukaa mezani wakinywa huku mbele yao zikipita nyimbo, mashairi, vichekesho na kejeli za kisiasa. Ukumbi unaohesabiwa kuwa chanzo cha aina hii ni Le Chat Noir, uliofunguliwa na Rodolphe Salis katika mtaa wa Montmartre, Paris, mwaka 1881. Mtindo huo ulifika Berlin mwaka 1901, ila ulishamiri hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale udhibiti wa kifalme juu ya sanaa ulipoondoka na jiji likajaa watu walioshindwa vita, waliofilisika, na waliotaka kucheka hata hivyo. Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933, wasanii wengi wa kumbi hizo walinyamazishwa, walikimbia, au walipelekwa kwenye kambi.

Ni kabareti hii ya Berlin ambayo The Dresden Dolls wanaielekezea kidole. Jambo la kushika ni kwamba katika kabareti mwimbaji hajifichi nyuma ya wimbo. Humwangalia msikilizaji, humtania, humfanya acheke kwa jambo ambalo dakika moja baadaye litamtia aibu kwamba alilicheka.

Panki imeingiaje humo?

Panki ni roki fupi, ya kasi na isiyojipamba, iliyochipuka New York katikati ya miaka ya 1970 na kulipuka London mwaka 1976. Kanuni yake isiyoandikwa ni kwamba huhitaji ruhusa ya mtu kupanda jukwaani: ukiwa na jambo la kusema na ala yoyote mkononi, anza. The Dresden Dolls walichukua kasi hiyo na pia tabia ya kujifanyia mambo wenyewe, tangu kurekodi na kuuza diski zao hadi kuzungumza na mashabiki wao bila msemaji wa kati.

Watu hudhani kwamba kabareti na panki ni vitu viwili vilivyolazimishwa kuoana. Sivyo. Zote mbili zilizaliwa katika vyumba vidogo vyenye moshi, zote huishi kwa kumchokoza mtazamaji, na zote huchukulia sauti iliyopasuka kuwa ya kweli kuliko sauti iliyonyooshwa. Tofauti yao kubwa ni mavazi.

"Kabareti ya panki ya Kibrecht" ni mtindo gani?

Hilo ni jina ambalo Palmer alilibuni mwenyewe kuueleza muziki wao. Bertolt Brecht alikuwa mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani ambaye, pamoja na mtunzi wa muziki Kurt Weill, alitoa mjini Berlin mwaka 1928 tamthilia ya nyimbo kuhusu wezi na ombaomba ambayo imeendelea kuigizwa hadi leo. Brecht hakutaka mtazamaji azame katika hadithi na kusahau kwamba yumo ukumbini. Alitaka mwigizaji aonekane wazi kuwa anaigiza, wimbo ukate kisa katikati, na mtazamaji abaki macho, akifikiri na kuhukumu.

Wasomaji wa Kiswahili hawako mbali na fikra hizo kama wanavyoweza kudhani. Ebrahim Hussein, mwandishi wa *Kinjeketile*, alisomea shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, na wahakiki wameshaijadili sana athari ya Brecht katika tamthilia zake. Aliyeisoma kazi ya Hussein shuleni ana mlango wa kuingilia.

Kwa The Dresden Dolls, mbinu hiyo huonekana katika mambo madogo. Kuna wimbo wao kuhusu mvulana wa bandia anayeendeshwa kwa sarafu, *Coin-Operated Boy*, ambao katikati yake muziki hukwama na kurudia pale pale kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa, ilhali ni watu wawili walio hai wanaopiga. Msikilizaji hucheka, kisha hugundua kuwa mwimbaji naye amekwama katika upweke wake. Kinanda cha umeme cha Palmer ni cha kampuni ya Kurzweil, naye aliyabadilisha maandishi yaliyo juu yake yasomeke "Kurt Weill". Huo ni utani wa wanaojuana, lakini pia ni namna ya kutoa heshima kwa mzee.

Kwa hiyo ni bendi ya gothi?

Hapana, ingawa wapenzi wengi wa gothi, yaani roki ya giza na huzuni, waliwapenda tangu mwanzo, na nguo nyeusi pamoja na nyuso nyeupe zinawafanya wageni wafikiri hivyo. Palmer alieleza kwamba alibuni jina lililojadiliwa katika jibu lililotangulia kwa sababu aliogopa waandishi wa habari wangewabandika jina lenye neno "gothi" ndani yake. Magazeti mengi yalilitumia jina lake, na hiyo ni hila ya kupendeza: ukijiita mwenyewe mapema, unawanyima wengine kazi hiyo.

Baadaye kulienea jina "kabareti ya giza", linalowajumuisha wao pamoja na waliowatangulia, kwa mfano The Tiger Lillies wa London, walioanza mwaka 1989. Jina hilo halina ubaya, ila halisemi lolote kuhusu panki, na bila panki nusu ya bendi hii inapotea.

Kwa nini hujipaka nyuso nyeupe?

Chanzo kimoja ni kazi ya sanamu hai iliyoelezwa hapo juu. Chanzo kingine ni sanaa ya maigizo bubu, ambayo hutumia uso mweupe ili nyusi, macho na mdomo vionekane kutoka mbali. Viglione huvaa kofia nyeusi ya duara na kupiga dramu kama mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti: hushangaa, hununa, humtongoza mwenzake kwa macho, humdhihaki. Palmer huvaa soksi ndefu zenye milia, na nyusi zake, ambazo huzinyoa, huzichora upya kwa mistari iliyopindapinda.

Rangi hiyo haikuwekwa ili kumficha mtu. Huwaruhusu kusema mambo mazito kwa uwazi ambao uso mtupu usingeuvumilia, na kadiri onyesho linavyoendelea jasho huiyeyusha, hata mwishoni mwa usiku unawaona watu wawili waliochoka wakiwa na mabaka ya rangi shingoni. Nadhani hapo ndipo wanapopendeza zaidi.

## Muziki wenyewe

Watu wawili wanawezaje kutoa sauti kubwa namna hiyo?

Jibu fupi ni kwamba piano ni ala ya kugongwa, na Palmer huigonga. Mkono wake wa kushoto hufanya kazi ya besi kwa nota nzito za chini, zikirudiwa kwa nguvu, na wa kulia hugonga nota kadhaa kwa pamoja pale ambapo bendi nyingine ingeweka gitaa. Viglione naye hapigi dramu kama mtu wa kushika mwendo tu. Alianza dramu utotoni, na ndani yake zimo jazi na metali, yaani roki nzito, kwa pamoja. Humfuata mwimbaji silabi kwa silabi, hunyamaza ghafla neno linapohitaji nafasi, kisha hurudi kwa kishindo.

Siri kubwa zaidi iko katika ukimya. Bendi ya watu watano ikinyamaza, mara nyingi kuna anayebaki akivuma; wawili wakinyamaza, ukumbi mzima unakuwa kimya kweli. Kwa hiyo wana masafa marefu kati ya mnong'ono na mlipuko, na huyatumia bila huruma. Sikiliza *Girl Anachronism*, ambamo maneno hutoka kwa kasi inayokaribia kumkaba mwimbaji na dramu zinamfukuza kama deni, kisha usikilize *Half Jack*, unaojengeka polepole kwa dakika kadhaa kabla ya kupasuka. Ni vyombo vilevile viwili.

Kutokuwa na besi kuna faida nyingine isiyotajwa sana: hakuna mtu wa tatu wa kumsubiri. Mwendo unaweza kuharakishwa, kuvutwa au kukatwa papo hapo kwa kutazamana tu, na ndiyo maana dramu hupangwa upande ili wapigaji waonane.

Nyimbo zao zinahusu nini?

Zinahusu tamaa, upweke, akili isiyotulia, mapenzi yenye madhara, utoto uliopita vibaya, na watu wanaojidanganya. Palmer hutunga mara nyingi kwa kuvaa nafsi ya mhusika, ambaye anaweza kuwa msichana mdogo mwenye hila, mwanamke aliyeachwa au mtu mwenye wazimu wa kupitiliza, na msikilizaji hana uhakika lini mhusika anasema na lini mtunzi anasema. *Missed Me*, kwa mfano, huanza kama mchezo wa maneno wa watoto na taratibu huonyesha uhusiano wa kutisha kati ya msichana na mtu mzima.

Maneno ni makali na mara nyingine ya matusi. Kuhusu kama yanawafaa watoto, tazama sehemu ya mwisho.

Je, hupiga nyimbo za watu wengine?

Ndiyo, na uchaguzi wao ni kama wasifu wa bendi. Jukwaani wamekuwa wakipiga *War Pigs* wa Black Sabbath, baba wa metali, na pia *Amsterdam* wa Jacques Brel, Mbelgiji aliyekuwa bingwa wa nyimbo za Kifaransa za kusimulia. Katika wimbo wa Brel, Viglione huacha dramu na kushika gitaa. Kati ya hao wawili, Sabbath na Brel, ndipo The Dresden Dolls walipojenga nyumba yao.

Wametoa albamu gani, na mgeni aanzie wapi?

Kwanza ilitoka *A Is for Accident* mwaka 2003, mkusanyiko wa rekodi za maonyesho ya mapema. Mwaka huohuo walitoa wenyewe albamu ya studio iliyobeba jina la bendi, waliyoirekodi na prodyuza Martin Bisi huko Brooklyn. Kampuni ya Roadrunner iliitoa upya mwaka 2004. *Yes, Virginia...* ilifuata Aprili 2006, ikiwa imesimamiwa na Sean Slade na Paul Kolderie, na ilifika nafasi ya 42 katika chati ya albamu ya Billboard nchini Marekani. *No, Virginia...* ya mwaka 2008 ilikusanya nyimbo zilizobaki nje ya albamu hiyo pamoja na nyingine zilizorekodiwa baadaye.

Mgeni na aanze na albamu ya kwanza ya studio, aisikilize tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu imepangwa kama onyesho. *Yes, Virginia...* imerekodiwa vizuri zaidi, na wapo wanaoipenda kuliko zote. Mimi naiona kuwa imenyooka kidogo mno kwa bendi ambayo uzuri wake uko katika mikunjo. Anayetaka kuwaona atafute filamu za maonyesho: *Paradise*, iliyopigwa Boston mwaka 2005, na ile ya ukumbi wa Roundhouse, London, ya mwaka 2006. Kwa bendi hii, kusikia bila kuona ni kula wali bila mchuzi. Utashiba, lakini hujala.

Virginia ni nani?

Ni Virginia O'Hanlon, mtoto wa miaka minane aliyeliandikia gazeti la The Sun la New York mwaka 1897 akiuliza kama Santa Claus yupo kweli. Mhariri alimjibu kwa makala iliyosema ndiyo, Virginia, yupo, na maneno ya jibu hilo yakawa msemo nchini Marekani. Bendi iliyachukua kwa kejeli na kwa upole vilevile. Hakuna Virginia katika maisha ya wanabendi ambaye albamu inamhusu.

## Safari ya kupanda

Walitokaje Boston hadi kujulikana nje?

Walipiga popote walipokubaliwa: kwenye vilabu, kwenye majumba ya sanaa, sebuleni kwa watu. Mwaka 2003 walishinda shindano la bendi la redio ya WBCN ya Boston, lililojulikana kama Rock 'n' Roll Rumble, na ushindi huo ulikuwa wa kushangaza kidogo kwa sababu mji huo ulizoea kuwapa taji watu wenye magitaa.

Mwaka 2005 Nine Inch Nails waliwachukua kutumbuiza kabla yao katika ziara, na huo ulikuwa mtihani mkubwa, kwani umati uliolipia kuona bendi nzito ya mitambo na magitaa ulitakiwa kwanza kumvumilia mwanamke mwenye piano na mwanamume aliyepakwa rangi kama mwigizaji bubu. Mwaka uliofuata walisafiri na Panic! at the Disco, ambao umati wao ulikuwa wa vijana wadogo zaidi. Mwaka 2007 walikuwamo katika ziara ya True Colors iliyoongozwa na Cyndi Lauper, ambayo ilipigania haki za mashoga na wasagaji. Makundi hayo matatu ya wasikilizaji hayafanani hata kidogo, na bendi iliondoka na mashabiki wapya kila mara.

Kwa nini walisainiwa na kampuni ya metali?

Roadrunner ilijulikana kwa bendi kama Slipknot na Sepultura, hivyo watu wengi walishangaa. Kwa upande wa bendi, albamu ilikuwa tayari imeshakamilika na kuuzwa kwa mikono yao. Walichohitaji ni wasambazaji, hasa nje ya Marekani. Baadaye uhusiano huo ulichacha, na Palmer, aliyebaki na mkataba wao kama msanii wa peke yake, aliachiliwa mwaka 2010.

Brigade ni kitu gani?

Ni kundi la mashabiki na wasanii wa mahali waliokuja kwenye maonyesho wakiwa wamejipamba, na wakaanza kutumbuiza mlangoni, kwenye foleni na kati ya watu: sanamu hai, watembea kwa magongo marefu, wacheza na moto, wachoraji. Bendi iliwakaribisha na kuwapa nafasi rasmi, kisha desturi hiyo ikawafuata mji hadi mji. Mtu aliyefika saa mbili kabla ya muziki hakujua kama yule aliyekaa sakafuni akishona mwanasesere ni msanii au ni mteja mwenzake.

Wazo ni lilelile la kabareti, kwamba onyesho halianzi pale taa za jukwaa zinapowaka. Lakini desturi hiyo pia ilikuwa na swali ndani yake, yaani nani analipwa na nani anafurahi tu, na swali hilo lilirudi kwa sauti kubwa baadaye. Tazama jibu kuhusu mwaka 2012 hapa chini.

Je, wamewahi kufanya tamthilia kamili?

Ndiyo. Kuanzia Desemba 2006 hadi Januari 2007 walishiriki katika *The Onion Cellar*, kazi ya jumba la American Repertory Theater huko Cambridge, iliyotokana na sura moja ya riwaya ya Günter Grass ambamo watu hulipa kuingia klabu na kupewa vitunguu wakate, ili hatimaye waweze kulia. Ni vigumu kufikiria kisa kinachowafaa zaidi. Mwaka 2010 Palmer alirudi kwa jumba hilohilo, safari hii bila mwenzake, akaigiza mshereheshaji katika tamthilia ya muziki ya *Cabaret*, chini ya mwongozaji aliyekuwa mwalimu wake wa maigizo katika shule ya sekondari.

## Maswali ya pembeni

Je, bendi ilivunjika?

Waliacha kupiga pamoja mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya safari zisizo na mapumziko zilizowachosha na kuwagombanisha, na kila mmoja akashika njia yake. Hawakuizika bendi, hata hivyo. Walirudi jukwaani mwaka 2010 kuadhimisha miaka kumi, wakaonekana tena mara kwa mara katika miaka iliyofuata, na kuanzia mwishoni mwa 2022 walipiga mfululizo wa maonyesho uliowapeleka katika miji mingi ya Marekani mwaka 2023. Neno sahihi ni kwamba bendi hulala na kuamka.

Changizo maarufu la mtandaoni la mwaka 2012 lilikuwa la bendi hii?

Hapana, na kosa hili hurudiwa sana. Lilikuwa la Palmer peke yake, kwa ajili ya albamu aliyoifanya na bendi nyingine. Kupitia Kickstarter alipata karibu dola milioni 1.2 kutoka kwa watu wapatao 25,000, kiasi kilichokuwa rekodi kwa muziki wakati huo. Miezi michache baadaye aliwaalika wanamuziki wa miji aliyoitembelea wapige naye bila malipo ya fedha, akalaumiwa vikali, kisha akabadili uamuzi na kuwalipa.

Kujitolea kulikoonekana kuwa sherehe katika siku za Brigade kulikuwa na sura nyingine mbele ya mtu mwenye milioni moja. Nadhani waliomlaumu walikuwa na hoja. Na nadhani pia kwamba hakuwa akidanganya alipodhani anaalika watu kwenye karamu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea tangu enzi za makreti.

Viglione amefanya nini nje ya bendi?

Amepiga dramu kwa wengi. Alishiriki katika rekodi za *Ghosts I–IV* za Nine Inch Nails zilizotoka mwaka 2008, na kuanzia 2013 hadi 2016 alikuwa mpiga dramu wa Violent Femmes. Wanaomwona kama msaidizi wa Palmer wasikilize nyimbo hizohizo Palmer akizipiga peke yake: maneno yote yapo, lakini hakuna wa kumjibu.

Je, si sawa tu na The White Stripes?

Ulinganisho huu ulikuwa hauepukiki, kwa kuwa The White Stripes wa Detroit walivuma wakati uleule, nao walikuwa mwanamume na mwanamke, bila besi, wenye rangi maalumu za mavazi. Mfanano unaishia hapo. The White Stripes walijenga juu ya bluzi na upigaji dramu wa makusudi ulio mwepesi. The Dresden Dolls walijenga juu ya ukumbi wa maigizo, na dramu zao zina maneno mengi kama mwimbaji.

Nyimbo zao zinawafaa watoto?

Kwa jumla, hapana. Kuna lugha chafu, ngono, utoaji mimba, kujidhuru na unyanyasaji, na mengi kati ya hayo huja kwa sauti ya kitoto na mdundo wa kuchekesha, hivyo mtoto anaweza kuvutiwa na wimbo ambao mzazi hakuusikiliza hadi mwisho. Kwa kijana wa sekondari ni jambo jingine. Kuna waliosema kwamba nyimbo hizi ndizo zilizowaambia kuwa hawako peke yao. Mzazi asikilize kwanza, na asidanganywe na mwanzo wa wimbo.

Nina piano tu. Naweza kuzipiga nyimbo zao?

Unaweza, na bendi ilitoa vitabu viwili vya nota vyenye nyimbo za albamu zake, kimoja kwa albamu ya kwanza na kingine kwa *Yes, Virginia...* na *No, Virginia...*. Nota zenyewe si ngumu kwa aliyefika daraja la kati. Ugumu uko mkono wa kushoto, ambao unarudia mdundo uleule kwa nguvu hadi misuli ya mkono wa chini iwake moto, na katika kuimba kwa kasi huku vidole vikienda njia yao. Anza taratibu, na ukiwa unaishi nyumba ya kupanga, waarifu majirani.